Tarumbeta Iliyokataa Kushuka

Mtu akikuambia kwamba aliwahi kumtafuta mama mkwe wake kwa vidole vya miguu, utasema amelewa. Mimi sikuwa nimelewa. Nilikuwa mzima kabisa, juu ya pikipiki, mikro ya kutangazia mkononi, jua la saa nne likinipiga utosini, na watu uwanja mzima wameinama wanakagua miguu yao kwa sababu yangu. Ila nianze na pikipiki yenyewe, maana bibi yangu, yaani mke wangu, hadi leo anasema shida zote za nyumba yetu ziliingia zimeipanda.

Nilikuwa fundi wa radio, kibanda changu kikiwa Rugenge, mtaa wa mji wetu, kando ya njia inayoteremka ziwani. Mwaka Wakongomani tulipopata uhuru, Wazungu wengi walifunga mizigo kwa haraka, na mmoja wao, mwenye shamba la pamba kule kwenye uwanda wa Ruzizi, gari lake liligoma siku yenyewe ya safari. Nikamtengenezea. Akanitazama, akaitazama pikipiki ambayo hakuwa na namna ya kuibeba, akanirushia ufunguo. Nilirudi Rugenge nimekaa wima kama gavana. Wiki haikuisha nikaanza kuumwa ugonjwa wangu, ambao hata uzee haujaniponya: kitu chochote kinachosema, mimi lazima nikifunge juu ya kitu kinachotembea.

Kwanza ilikuwa radio. Nilitaka nipite mitaani, kutoka Rugenge mpaka Songo, sauti za wakubwa wa mji mkuu zikitoka mbele ya magoti yangu, watu wasikie uhuru ukipita milangoni kwao. Niliifunga kwenye tangi kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, chini yake nikatandika kipande cha godoro ili isitikisike, na waya wa antena nikaupandisha kwenye fito ya kuvulia samaki. Ilipendeza, usiniulize! Nikawasha radio, ikasema. Nikawasha injini, ikakaanga. Ndiyo, ilikaanga, trrrrr, kama mahindi kwenye chungu, wala neno moja halikusikika. Cheche za buji, ile plagi inayowasha injini, zilikuwa zinaingia ndani ya radio, na wakati ule sikuijua dawa yake. Nikizima injini, waziri anaongea vizuri. Nikiwasha, waziri anageuka mahindi. Basi siku ya uhuru, mimi mwenye pikipiki niliisukuma kwa mikono kutoka Rugenge hadi Songo, jasho likinitoka mpaka kwenye soksi, radio ikihutubia. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, aliweka beseni chini ili acheke vizuri. "Fundi," akaniuliza, "hapo nani iko anabeba mwenzake?" Nilimjibu vibaya. Nilikuwa na hasira ya kweli, sitaki kukudanganya.

Radio nikaachana nayo, ugonjwa haukuachana nami. Mtu aliyekuwa akionyesha sinema mjini naye akaondoka, na katika vitu vyake nikapata kipaza sauti chenye mdomo mpana wa bati, ambacho mtaa mzima ulikiita tarumbeta, pamoja na sanduku lake la kukuza sauti na mikro ya kushika mkononi. Tarumbeta nikaifunga nyuma ya kiti, juu ya chuma cha kubebea mizigo, ikitazama mbele juu ya bega langu. Betri ya gari ikakaa chini yake ndani ya sanduku la mbao. Hapo ndipo nilipokuwa mtu. Mtu akifiwa, naitwa nitangaze kilio. Timu zikitaka kucheza mpira, naitwa. Padri ana ubatizo, naitwa. Hata mbuzi akipotea, mwenyewe anakuja mbio kwangu kabla ya kutazama nyuma ya nyumba yake.

Ni katika kutangaza ndipo nilipompata bibi yangu, au yeye ndiye alinipata. Kuhusu hilo tuna maelezo mawili, na ya kwangu hayasikilizwi. Alikuwa binti wa mjane mmoja aliyeteremka kutoka mlimani, upande wa Mulenge, akajenga Rugenge karibu na ndugu zake. Nilimpenda binti bila kuuliza sana habari za mama. Kumbe mama alikuja na sheria zake zote za mlimani, hakuacha hata moja njiani.

Kwa watu wake, mkwe mwanamume hatazami uso wa mama mkwe. Halali naye nyumba moja, hali mbele yake, wala hamsemeshi moja kwa moja. Maneno yanapitia kwa binti. Na jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, mkwe halitamki kamwe, hata ndotoni, na watoto wake pia hawalitamki. Jina hilo nililijua kwa bahati mbaya tu, nililiona limeandikwa kwenye karatasi yetu ya ndoa, na nilipoliona nilifumba macho kama aliyechungulia bafuni. Akinikuta njiani, yeye anajifunika kitenge usoni na kuingia kichakani. Mimi nikimkuta, naingia kichaka cha upande wa pili. Kuna siku kila mmoja alitaka kumwachia mwenzake njia, tukaingia kichaka kimoja. Watu wa Rugenge walikula hiyo habari mwezi mzima.

Lakini usidhani kwa sababu hatusemeshani basi hakuwa na la kusema. Wapi! Yule mama alikuwa na ulimi, na binti yake ndiye alikuwa mikro yake. Siku moja natangaza mkutano kule Songo, barabara ya mawe matupu, kamba zikakatika, tarumbeta ikadondoka. Waya ulikuwa mrefu, haukukatika. Ikabiringika mpaka mtaroni na huko ikaendelea kupaza sauti yangu, "Wananchi wote mnaombwa," kwa maana nami mjinga sikunyamaza. Jioni bibi yangu akaniletea salamu kutoka kwa mama yake, akijiuma midomo asicheke: "Mama anauliza kama tarumbeta yako iko na miguu, sababu ameiona inatembea peke yake."

Hilo liliniingia mpaka kwenye mfupa. Niliapa kwamba kitu nilichokifunga mimi hakitaanguka tena. Nilikata vyuma vya kitanda cha zamani, nikavikunja, nikavitoboa, nikaipachika tarumbeta miguu minne. Sanduku la betri nikalizungushia mikanda ya chuma. Kila buloni, yaani bolti, nilipoikaza, niliiponda ncha yake kwa nyundo mpaka ikawa bapa, na nati ikishafungiwa namna hiyo hairudi nyuma hata ukiisomea misa. Mwizi akitaka tarumbeta, abebe na pikipiki. Akitaka pikipiki, abebe na mimi. Nikaita watu waje waitikise. Walitikisa, pikipiki nzima ikayumba, tarumbeta haikulia hata kidogo. Nikamtuma bibi yangu akamwambie mama yake. Jibu lilikuwa, "Vizuri." Neno moja tu! Niliringa nalo siku tatu.

Miaka minne baada ya uhuru, uasi ukaingia mjini. Vijana walikuja kibandani na majani vichwani, wakaniambia tarumbeta hii tangu leo ni ya wananchi. Nikajiuliza jana ilikuwa ya nani, lakini nikajiuliza kimoyomoyo, maana walikuwa na mikuki. Nikatangaza matangazo yao kama nilivyotangaza ya waliotangulia. Asubuhi natangaza watu wote watulie majumbani, mchana natangaza watu wote wakusanyike uwanjani. Mtu hawezi kutulia nyumbani na kukusanyika uwanjani kwa wakati mmoja, ila mikro haina kazi ya kubishana. Miezi ikapita hivyo. Kisha ikaanza kusemwa kwamba jeshi linarudi, na asubuhi moja milio ya bunduki ikasikika upande wa Kalundu, bandarini. Rugenge nzima ikashika mizigo.

Bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mimba ya kwanza, baada ya miaka minne ya kungoja na ya kusemwa na majirani. Mama yake alikuja mbio na kikapu, na ndani ya kikapu hakukuwa na sufuria wala nguo zake. Kulikuwa na vitambaa vya mtoto, siagi ya ng'ombe kutoka mlimani ya kumpaka, na wembe mpya wa kukatia kitovu. Alikuwa amejiandaa kumpokea yule mtoto kuliko sisi wenyewe. Mpango ulikuwa rahisi: mimi mbele, bibi yangu katikati awe ukuta, mama mkwe nyuma, asiguse mgongo wa mkwe wake. Tufike daraja la Ruzizi, tuvuke mto kwa Barundi. Kulikuwa na jambo moja tu. Pale nyuma palikuwa na mtu amekaa. Tarumbeta.

Nilishika funguo za kufungulia. Nati hazikugeuka. Zitageukaje, na mimi mwenyewe niliziponda? Nikatafuta msumeno wa chuma. Meno yake yalikuwa yameisha kwenye kitanda kilekile. Nikachukua nyundo nikapiga miguu ya ile tarumbeta, nikapiga mpaka mkono ukaingia ganzi, nikaipiga na matusi juu yake. Haikusogea. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, Mungu anisamehe, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani mwangu. Risasi zikasogea. Na mama mkwe, kitenge usoni, akamwambia binti yake, "Mwambie awache. Minye nilizaliwa na miguu. Nitatembea na majirani, tutaonana darajani." Akaning'iniza kikapu chake kwenye mdomo wa tarumbeta, akashika njia.

Tulimngoja darajani mpaka jua likawa kichwani, kisha mpaka likateremka. Majirani walifika wawili wawili, kila mmoja alidhani mama mkwe yuko na mwenzake. Alionekana Kavimvira, njiani kuja darajani, akaonekana tena mahali watu walipotawanyika mashambani kwa kusikia gari la askari, baada ya hapo hakuonekana. Bibi yangu alianza kushikwa na uchungu palepale, amekaa kando ya barabara. Ikabidi tuvuke. Mkulima mmoja Murundi na mke wake, watu wa misheni, walitupa nyumba yao ya jikoni, na humo mtoto wetu akazaliwa asubuhi yake. Msichana. Alipokelewa na yule mama wa Kirundi, kwa wembe wa mama mkwe ambaye hayupo.

Bibi yangu ana mdomo, nimekwishakuambia alizaliwa na nani. Tangu tuoane sijapitisha siku bila kugombezwa, na nimezoea, hata nikisafiri najisikia vibaya nisipogombezwa. Siku ile hakunigombeza. Aligeukia ukuta. Uji akaukataa, maziwa hayakutoka, mtoto akawa analia kwa sauti ndogo ndogo. Nikapiga magoti nikamwambia ale kidogo. Akasema bila kugeuka, "Weye ulipatia tarumbeta kiti. Mama yangu ulimupatia barabara."

Nilitoka nje nikalia. Nakiri, nililia kama mtoto, nikaegemea pikipiki kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuegemea. Kisha nikawaza: kwa kuwa tarumbeta imekataa kushuka, basi ifanye kazi.

Wakimbizi walikuwa wametapakaa ng'ambo yote ile, uwanja wa misheni umejaa, mashamba ya mihogo yamejaa, chini ya kila paa kuna watu. Siku ya kwanza nilimwomba katekista wa pale ashike mikro amwite mama mkwe kwa jina la ubatizo, maana hilo analo kila mama wa pili ukanda mzima na halina miiko mikali. Tukapita naye. Wakaja akina mama kumi na saba. Kumi na saba! Wanene, wembamba, mmoja kipofu, mmoja hakuwa hata na binti. "Minye hapa," wakasema wote, na mimi nikawatazama nikagundua jambo la aibu ambalo sikuwa nimeliwaza: sikuujua uso wa mama mkwe wangu. Miaka minne yote nilikuwa natazama chini.

Nilichokijua ni miguu yake. Miguu niliijua kuliko yangu. Kila alipopita mbele yangu nilitazama ardhi, na juu ya ardhi ilipita ile miguu: midogo, myeupe kwa vumbi la mlimani lisilokubali maji ya ziwa, kidole cha pili cha mguu wa kulia kimepanda juu ya kidole gumba kama kinachungulia, na kidole kidogo cha kushoto hakina ukucha. Basi siku ya pili nikamshukuru katekista, nikashika mikro mwenyewe.

"Anatafutwa mama," nikatangaza, "mama mwenye heshima, wa Rugenge. Mguu wa kulia, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba! Narudia: cha pili juu ya gumba! Mguu wa kushoto, kidole kidogo hakina ukucha!"

Hapo ndipo watu walipoinama wote. Jamani, sijawahi kuona tangazo likitiiwa namna ile, si la serikali wala la waasi. Wazee walivua viatu. Barundi waliokuwa wanalima waliacha majembe wakaja kuuliza huyu Mkongomani anauza dawa ya miguu? Mzee mmoja alimleta dada yake kwa mkono, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mwanangu, huyu kidole kilichopanda ni cha tatu, hakifai?" Vijana walinifuata nyuma wakiimba "cha pili juu ya gumba" mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nilitangaza mchana kutwa, misheni, sokoni, mashambani, njia ya kisimani. Hakuja mtu.

Wajukuu wananiuliza leo: Babu, si ungeliandika lile jina la nyumbani kwenye karatasi, ukampa mtu alisome? Nawajibu kwamba kalamu yangu nayo ilikuwa inaogopa mkwe. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekulia katika mwiko hatafuti mlango wa nyuma, anaona ukuta tu. Bibi yangu alilala amelijua lile jina, mimi nikatembea nimelijua, na kati yetu hakuna aliyelileta ulimini, huku mtoto akizidi kulegea.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwenye pikipiki, nikajaribu mikro, sauti ikatoka ndogo, imekwaruza. Betri ilikuwa inakata roho. Ile dinamo ya pikipiki haikuweza kuijaza. Nyumbani nilikuwa naijazisha kiwandani, na kiwanda kilikuwa upande wa pili wa mto, upande wa risasi. Nilikaa juu ya kiti nikapiga hesabu ya fundi. Maelezo ya vidole yalikuwa marefu. Nikianza na mama mwenye heshima wa Rugenge, betri itakufa kabla sijafika kwenye ukucha. Yalibaki maneno mawili, matatu. Nikasikia mtoto ndani, halafu sikumsikia.

Niliendesha mpaka kwenye kichuguu kirefu katikati ya mashamba, nikazima injini ili isilie juu ya sauti yangu. Nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikalitaja. Jina lake la mlimani, lile la wazazi wake, nililipiga kwa nguvu zangu zote ndani ya ile mikro. Nikalitaja mara ya pili. Mara ya tatu lilitoka nusu, tarumbeta ikakohoa na kunyamaza. Watu wa kwetu waliokuwa karibu walishika midomo. Mama mmoja alinipigia alama ya msalaba. Nami nilibaki pale juu, nikisubiri niangushwe na kitu, sijui nini, mbingu au kifafa. Sikuangushwa. Nikasukuma pikipiki kurudi, maana sikuthubutu kupiga kelele nyingine kwa injini.

Alikuwa amenitangulia. Nilikuta miguu yake mlangoni pa ile nyumba ya jikoni, imevimba, imepasuka, cha pili juu ya gumba. Nikarudi nyuma haraka, nikasimama nje, mgongo ukutani. Ndani bibi yangu alikuwa analia kwa sauti, na juu ya kilio chake nilisikia ile sauti nyingine ikitoa amri: maji ya moto yako wapi, siagi iko wapi, inuka ukae, shika mtoto hivi, hivi siyo, hivi. Baadaye kidogo mtoto akanyamaza, ukimya wa kunyonya. Niliteleza ukutani mpaka nikakaa chini.

Kisha nikaanza kuhukumiwa, kupitia kwa binti kama kawaida, ingawa nilikuwa hatua tatu tu na nilisikia kila neno.

"Mwambie huyo bwana yako," mama mkwe akasema, "minye nilikuwa hapo tu, nyuma ya mihogo, kwa Murundi jirani ya huyu. Miguu ilivimba, nililala. Nilimusikia tangu jana. Muntu mzima anatembeza vidole vyangu Burundi yote! Watoto ya watu wanaviimba! Nilificha miguu ndani ya kitenge, nikasema afazali nife hapa kuliko kutoka na hivi vidole."

"Mama anasema," bibi yangu akaanza, kisha akacheka huku analia, hakuweza kuendelea. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Rugenge. Mimi nje nikajifunika uso kwa mikono, nikitamani yule Mzungu asingenirushia ufunguo.

"Sasa mwambie na hii nyingine," mama mkwe akasema, na hapo sauti yake ikashuka. Ilibidi nisogeze sikio mlangoni. "Lile jina. Tangu mama yangu azikwe, hakuna kinywa iliyonitaja hilo jina. Niko mama wa fulani, niko mujane wa fulani. Minye mwenyewe nilianza kulisahau. Nimelala pale, nimechoka, nawaza basi imetosha, halafu linatoka juu, kwa sauti kubwa hivi. Nilisema, wazazi wangu wamekuja kunichukua. Nikasimama. Miguu ilikuwa imekataa siku tatu, ikasimama."

Nilijua adhabu inafuata, na nilikuwa tayari kulipa chochote, mbuzi, ng'ombe, pikipiki yenyewe pamoja na huyo aliyekaa nyuma yake.

"Mwambie," akasema, "aliseme tena."

Bibi yangu hakupeleka ujumbe. Nikangoja, nikaona wananingoja mimi. Basi nikajikuta nimefungua mdomo na kumsemesha mama mkwe wangu moja kwa moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Betri imekufa, mama," nikasema.

"Na kinywa?" akauliza. "Kinywa nayo imekufa?"

Nikakohoa. Nikalitaja jina lake polepole, hapo mlangoni, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu.

"Abee," akaitika, kama msichana anayeitwa na mama yake.